Uchaga Wangu Umejifunza Kushuka

Jumamosi, wiki ya tisa tangu nipasuliwe goti. Mawingu yametanda juu ya mtaa wetu wa Mjambere tangu asubuhi lakini mvua bado, na joto ni lile la kumchosha mtu hata akiwa amekaa. Nimekaa jikoni na nina furaha. Nasema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure.

Goti niliumia kwenye mechi ya netiboli, walimu dhidi ya wazazi. Mwalimu wa gredi ya tatu, miaka thelathini na minane, nikaruka kama binti. Nilipotua, mguu ulibaki ukielekea huku na mimi nikageukia kule. Kano ya ndani ya goti ikakatika. Daktari alichukua kano nyingine nyuma ya paja langu mwenyewe, akaipitisha ndani ya goti na kuikaza kwa skrubu ambayo, alivyotueleza, itayeyuka mwilini polepole.

Katana, mume wangu, ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Skrubu ya kuyeyuka haikumwingia akilini hata kidogo. Alimwuliza daktari maswali saba kuhusu skrubu na moja kuhusu mimi.

"Sasa ikishayeyuka, kinachoshika ni nini?"

Daktari akamjibu kwamba kufikia hapo mfupa utakuwa umeishika kano wenyewe. Katana akalifikiria jibu hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, na mimi nikanuna njia nzima.

Lakini leo sikukusudia kuandika habari za goti tu. Nataka kuandika habari za uchaga.

Kwa asiyejua, uchaga ni dari ya mbao juu ya jiko ambako nyumba huweka mahindi, kunde, unga na kila itakachokula. Wengi hapa mjini wana makabati. Sisi, kwa kuwa Katana kwao ni Kaloleni na mimi kwetu ni Rabai, tulijenga uchaga hata kwenye nyumba ya mabati. Na uchaga ni wa mke. Kwao Katana mume hapandi, hachungulii, haulizi kumebaki debe ngapi. Mke ndiye ajuaye kilichoko, na mke ndiye aamuaye kitakachopikwa. Miaka kumi na miwili ya ndoa yetu Katana hajawahi kukanyaga ngazi ile.

Kisha daktari akanikataza ngazi mimi.

Mavyaa wangu, yaani mama yake Katana, alikuja kuniuguza. Mungu ambariki. Ameniogesha, amenipikia, amenisimamia mazoezi hata siku nilizolia. Lakini ilibidi apande uchagani, na alipopanda akaupanga upya. Chumvi ikahama. Kunde zikaenda nyuma. Jioni nikawa naulizwa kama mgeni, "Utakula sima, mwanangu?" na sima imeshaiva. Nilimwonea wivu, nakiri. Kumwonea wivu mtu anayekuosha miguu ni aibu tupu.

Nakiri na jingine. Wiki ya sita, Mama alipokwenda sokoni, niliegemeza magongo ukutani nikapanda ngazi. Vidato viwili. Goti halikuuma, na hilo ndilo lililonitisha, maana dada wa hospitali anayenifanyisha mazoezi alikuwa amenionya: majuma yale maumivu yanapoisha ndiyo kano mpya huwa dhaifu zaidi. Ikikatika, ni kupasuliwa upya. Nikashuka, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Basi mvua zikakaribia, Mama akaanza kulitaja shamba lake. Swali likawa linazunguka humu ndani bila wa kulisema: akiondoka, nani atapanda? Mimi nikipanda, naweza kulipoteza goti. Katana akipanda, nitakuwa nimeupoteza uchaga, kwa sababu mume akishajua kilichopo hatasahau tena.

Katana akasema ataufanya uchaga ushuke.

Alikataa kugusa chochote mpaka Mama ateremshe kila debe na kila kopo, vikafunikwa leso chumbani. "Uchaga mtupu ni mbao tu," akajitetea, akapanda kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikata dari katikati, akaunda fremu ya chuma yenye rafu nne, akaining'iniza kwa waya unaopita kwenye kapi mbili, vile vigurudumu vya kuvutia mizigo. Mama alisimama chini, mikono kiunoni.

"Mimi nijuavyo, mtu ndiye hukifuata chakula," alisema. "Hiki cha kwenu kitamfuata mtu."

Jaribio la kwanza tulilifanya Jumatano, Mama akiwa ameshavirudisha vyakula rafuni, kwa kamba tupu iliyofungwa mwisho wa waya, niishike mwenyewe. Rafu zilianza kushuka, uzito ukanizidi, na mwili wangu wote ukataka kuukita mguu uleule mgonjwa sakafuni ili nizizuie. Niliachia kamba. Debe la kunde likapasuka na kunde zikatapakaa hadi kizingitini. Katana aliomba radhi mpaka nikamwonea huruma, na Mama akaniletea ungo nizipepete nikiwa kitini.

Jana Katana akaongeza mpini wa kuzungusha na gurudumu la meno lenye ulimi wa chuma. Kushusha, unauinua ulimi na kuurudisha mpini polepole. Ukiuachia ulimi, unaingia kwenye jino na mzigo unasimama papo hapo. Nafanya yote nimekaa, na goti halina habari.

Leo mchana Mama amekwenda zake. Mkoba ulikuwa tayari mlangoni, lakini akaja kwanza jikoni, akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Mwanangu, naomba mbegu. Mahindi ya kula ninayo, ya kupanda sina."

Huyu ndiye aliyepanga kila kopo kule juu. Anajua mbegu ilipo kuliko mimi. Angeweza kujichukulia siku yoyote katika majuma haya tisa, na nisingejua.

Nikauinua ulimi, nikarudisha mpini. Rafu zikashuka taratibu mpaka karibu na mikono yangu. Zilipofika, Mama aligeuza uso akatazama mlangoni, akaendelea kutazama mlangoni wakati wote nilipokuwa nikitafuta mfuko na kupima pishi mbili. Hakugeuka mpaka nilipopandisha kila kitu juu.

"Tayari, Mama," nikasema.

Akapokea kwa mikono miwili, akanishukuru kama anavyomshukuru mwenye nyumba yeyote yule. Nilipobaki peke yangu nililia kidogo. Nampenda mwanamke yule, na sidhani nimewahi kumwambia.

Katana amerudi sasa hivi kutoka kumsindikiza. Ananawa mikono, anauliza kesho tunakula nini.

Mbaazi za nazi. Nimeamua mimi.