Swichi Uliyoiacha Imewashwa

Baba Zainabu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kuanza bila shikamoo nimeshindwa, na wewe ungeninunia.

Situlii. Nimeinuka kwenye kiti chako mara ya nne sasa, nachungulia simu kama kuna mtaa unaolalamika, narudi. Tangu tukuzike mimi ndiye ninayeshika programu yako ya kuwatumia watu meseji za zamu za maji hapa Newala, mimi binti wa Masasi uliyemfundisha Java, lugha ya kuandikia programu, miaka miwili na kumwita Kiherehere. Jina ulilipatia.

Wiki ile kabla hujalazwa hospitali ya Mkomaindo ulikuwa unajaribu ratiba mpya. Ukaiwasha swichi ya majaribio, ili meseji zote zije kwenye simu yako badala ya kwenda kwa wananchi. Hukurudi kuizima. Siku ya kwanza ulinieleza kwamba Java, tofauti na lugha nyingine, haina kitu cha kuipitia programu mapema na kukata vipande visivyotakiwa, kwa hiyo tunaweka neno moja kwenye faili moja, true la kuwasha au false la kuzima, na kila kipande cha ziada kinaliangalia neno hilo kabla ya kufanya kazi. "Usifute, zima," ulikuwa unasema.

Nilipoipokea kazi yako nikazima. Nikaandika false, nikaitafsiri upya kwa lugha ya mashine ile faili moja ya swichi, nikaona kazi imekwisha. Nikaenda kunywa chai.

Siku ya nne Mama Zainabu akanipigia. Bado yuko eda, hatoki, simu yako iko mapajani mwake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mwenzangu ananiletea habari za maji." Meseji za mitaa yote zilikuwa zinaingia kwako. Akawa anamtuma Zainabu awaambie majirani, na mtaa wenu wakajaza madumu. Mitaa ya mbali maji yalitoka, yakakatika, hakuna aliyekinga hata ndoo, na zamu yao nyingine ni wiki ijayo. Bibi mmoja alikuja na dumu tupu, akaketi nalo mlangoni pa ofisi yetu. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Aibu ilinila. Niliisoma faili ile hadi macho yakauma, imeandikwa false. Ndipo nikakukumbuka wewe. Kila ukigusa swichi ulikuwa unafuta faili zote zilizokwisha kutafsiriwa, unaanza upya, nami nakucheka kwamba unapoteza muda. "Futa zote, tafsiri zote." Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Kumbe Java inapotafsiri, kila faili inalinakili lile neno ndani yake na kubaki nalo. Mimi nilibadilisha kwenye swichi tu. Zile nyingine zote zilikuwa bado zinashika ulichoandika wewe.

Jana nikafuta zote. Nikatafsiri zote, meseji zikaenda kwa watu wao. Yule bibi nilimpelekea maji mwenyewe, madumu mawili kwa bodaboda.

Jioni Mama Zainabu akapiga tena. "Mbona amenyamaza?" Nikalia, naye akalia, na hakuna aliyekata simu.

Sasa sikiliza nilichofanya, ugombane nami ukitaka. Wewe hukuwahi kujiandika kwenye orodha ya mtaa wenu, ratiba ulikuwa nayo kichwani. Nimekuandika, mkazi kama wakazi wengine. Swichi yako sitaifuta, itakaa pale pale imezimwa. Na nikigusa hata neno moja nitafuta zote na kutafsiri zote, bila kucheka. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Baba Zainabu. Leo saa kumi na mbili asubuhi simu yako imelia. Nikampigia Mama Zainabu haraka kumweleza kwamba ni zamu ya maji tu, imetoka kwangu. Akasema anajua. Madumu alikuwa ameshamwambia Zainabu ayatoe nje.

Kiherehere wako,
Hadija