Swichi ya Matundu Ishirini na Nne na Masikio ya Mama

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, uani ni tope tupu, na mimi nimejifungia chumbani kama mtu aliyefiwa. Sijafiwa.

Nina aibu.

Nianzie kwenye swichi, maana ndiyo chanzo. Ofisi yangu ni sebule yangu hapa Lumemo: mimi, Regina na Yusta, kompyuta tatu na printa moja. Tunasikiliza mahojiano ya wakulima yaliyorekodiwa na kuyaandika kwa Kiswahili. Tulihitaji swichi ya mtandao, yaani kifaa cha kuunganisha mashine zetu kwa waya, basi. Fundi wa dukani akanionyesha kidogo cha matundu manane, kimya kabisa. "Dada, hiki kinakutosha na kubaki."

Nikakikataa. Nikachagua dude kubwa la matundu ishirini na nne, lililokwisha kutumika kwenye ofisi fulani Morogoro, lenye taa za kijani zinazowakawaka. Nilitaka mteja akiingia asione sebule, aone ofisi. Fundi akaniambia lina feni, litatupigia kelele. Nikamjibu kwamba ofisini hakuna anayelala. Jamani, mdomo huu!

Feni ikavuma tangu siku ya kwanza. Sisi watatu tunavaa visikilizio, kwa hiyo haikutusumbua.

Aliyesumbuka ni Mama, mama mkwe wangu. Ni Mndamba wa kijiji cha Mofu, anaishi nasi tangu baba mkwe afariki. Wazee wengi kwenye rekodi huchomeka maneno ya Kindamba, na tukikwama tunamwekea spika, kwa sababu visikilizio anasema vinambana kichwa. Alikuwa anaipenda kazi hiyo jamani. Anaoga mapema, anavaa khanga nzuri, anakaa karibu na meza anatufafanulia huku akiwacheka wazee wenzake.

Baada ya swichi kuja, akaanza: "Rudia, mwanangu. Rudia tena." Nami nikaamua kwamba masikio yamekwisha. Nikampigia mume wangu, yuko Kidatu kwenye miwa, tukakubaliana tumpeleke akapimwe. Yusta akawa akimwamkia shikamoo anapaza sauti utadhani Mama yuko ng'ambo ya mto.

Wiki iliyopita alikuja mteja. Mama akasema "rudia" mbele yake, mimi nikacheka: "Utusamehe, masikio ya bibi yetu yamekula chumvi nyingi." Mteja naye akacheka. Mama akajifunga khanga yake vizuri, akatoka kwenda kupepeta mchele. Tangu siku hiyo hajakaa nasi.

Na mimi sikumfuata.

Leo mchana mvua ilipumzika kidogo, umeme ukakatika. Kompyuta yangu ina betri, nikaendelea bila visikilizio, sauti ya chini tu. Mzee mmoja akasema maneno ya Kindamba, nikakwama. Kabla sijarudisha nyuma, Mama akaitikia kutoka kibarazani, ungo mkononi: "Anasema mbegu zake zilichukuliwa na maji."

Regina akanitazama. Yusta akaitazama swichi, imezimika taa zote, kimya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikatoka, nikapiga magoti mbele yake. "Mama, nisamehe. Masikio yako mazima. Ni lile lidude langu."

Akaendelea kupepeta. "Nilijua, mwanangu. Jioni ukilizima nasikia kila kitu."

"Sasa mbona hukusema, Mama?"

"Kila asubuhi ulikuwa unalifuta vumbi huku unaimba. Nikaona heri mniite kiziwi kuliko nikuharibie furaha yako."

Nimelia pale pale kibarazani, mtu mzima mimi, Regina na Yusta wakijifanya wanapanga karatasi. Mama akanifuta machozi kwa ncha ya khanga, akasema niinuke, sakafu ina baridi.

Kesho kukipambazuka nakwenda dukani kuchukua kile kidogo, fundi anicheke atakavyo. Halafu nitampigia yule mteja nimweleze ukweli, Mama akiwa amekaa hapo hapo anasikia. Hayo naweza kuyafanya.

Ila nimekaa hapa kitandani najiuliza. Mama amekubali kuitwa kiziwi ndani ya nyumba ya mwanawe ili mimi nifurahi. Mimi nimewahi kumvumilia nini?