Usimjibu Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Maji yametoka! Mgao wetu ni Alhamisi, na hata hiyo Alhamisi bomba huwa linakohoa upepo tu. Leo saa nne asubuhi—shwaa! Nilikuwa namsuka mteja, nikamwacha na kichwa nusu, nikakimbilia ndoo.

Mama anasema ni kazi ya Bwana Koki. Ni yule kijana wa idara ya maji anayefungua na kufunga koki kubwa ya mtaa wetu. Juzi aliingia hapa saluni eti kukagua presha, akaishia kunikagua mimi. Akaniomba nimkubali anioe. Nikasema nitafikiria. Nani anaposa ameshika spana?

Alhamisi, 7 Machi

Maji tena. Mtaa mzima unanisalimia kwa adabu, hata jirani wa nyuma, ambaye hatujasemeshana tangu kuku wake aingie saluni.

Shangazi kaitisha kikao jikoni. Nikimkataa, atafunga koki kwa hasira. Nikimkubali, atanihamishia kwao na maji yatanifuata. Kwa hiyo nisimjibu! Nimzungushe tu, kasema, hata mwaka. Mama akaafiki. Mama yangu mzazi!

Jumapili, 10 Machi

Alikuja, viatu tope tupu. Anasema bomba la mjini ni la enzi za babu yake, ukiziba hapa linatoboka pale. Pampu tatu, nzima moja. Wakubwa wanarushiana lawama, matusi anakula yeye. Juzi mama mmoja kammwagia beseni zima la maji. Naye akamjibu yule mama, "Kumbe mama maji unayo!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hapo ndipo nilipoharibu. Si nilikuwa namzungusha tu?

Akauliza jibu. Nikasema nina wateja wengi. Viti vyote vitupu, na macho anayo.

Jumanne, 12 Machi

Matangi yamejaa. Nimefua mpaka mapazia. Usingizi sina. Nikikubali, atajuaje si kwa ajili ya ndoo? Mimi mwenyewe nitajuaje?

Jumamosi, 16 Machi

Yuko saluni sasa hivi. Shati limepigwa pasi. Hana spana. Nje majirani wamepanga madumu, wanajifanya hawasikilizi.

Nimeshindwa. Nimemwambia ukweli, kwa kunong'ona: nimekuzungusha kwa sababu ya maji. Nikangoja anitukane.

Akanikodolea macho. "Maji gani?"

Kumbe koki yetu si yake tena! Alihamishiwa upande wa pili wa mji tangu mwezi uliopita. Ile siku ya presha hakuwa na kazi yoyote huku, alitafuta kisingizio tu. Na maji? Koki imevunjika ikiwa wazi, haifungiki, spea hazijafika. Mtaa wa juu ndio wamekauka, maskini, na sisi tunafua mapazia.

Kwa hiyo nikisema ndiyo, maji hayaendi popote. Nikisema hapana, vilevile. Nimebaki mimi na yeye tu. Hii ndiyo inayonitisha!

Akauliza, sasa je? Nikasema subiri kidogo, nikakimbilia chumbani. Naandika nimekaa juu ya dumu. Nimepaka mafuta ya midomo. Kwa nini nimepaka mafuta ya midomo?

Mama anagonga mlango, ananong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Usimjibu kwanza! Bado ndoo mbili!"