Babu Ametekwa na Mtani Iskandaria

Nyumba ya Wanafunzi wa Kigeni,
Kairo, Misri.
12 Machi, 1966

Mpendwa Dada Mwanaidi,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mguu umepona, na mvua za huko kwenu Magoma zimeanza, maana nimesikia kwamba kwetu Handeni mahindi ya vuli yalikauka yakiwa urefu wa goti. Shemeji Hiza hajambo? Mwambie namwamkia, ingawa tangu alipokuchukua kwenda kwa Wasambaa sijala tena ugali wa mkono wako. Na huyo Mhina mdogo ameanza kukaa? Mimi sijambo. Nakula, nalala, na baridi ya huku imepungua.

Barua yako ya msiba wa Babu niliipata Januari. Umenilaumu kwa kukaa kimya, na haki unayo. Kila niliposhika kalamu niliandika "Mpendwa Dada", kisha basi. Hata kulia sikulia. Huku hakuna aliyemjua Babu, sasa nilie mbele ya nani? Wenzangu waliponiuliza nina nini niliwajibu ni mafua.

Uliniomba jambo moja tu: kwa kuwa mimi ndiye niliyevuka maji kuja kusomea kuchora, nimchore Babu, ili mwanao aliyerithi jina lake aijue na sura yake. Kweli hatuna picha yake hata moja. Si unakumbuka tulivyompeleka kwa mpiga picha pale Korogwe? Yule bwana alipojifunika kitambaa cheusi kichwani, Babu aliinuka akaenda zake, akisema hawezi kukaa mbele ya mtu anayemwonea aibu. Tulimkuta sokoni ananunua ugoro.

Basi nikaanza kumchora. Kofia ilikuja. Masikio yake yale makubwa yakaja, na kovu la shavuni alilopata siku ya ugomvi na mbuzi wa jirani. Mdomo ukagoma. Nilichora nikafuta, nikachora nikafuta, mpaka karatasi ikataka kutoboka. Niliogopa, dada. Niliona nimeshaanza kumsahau, na nikimsahau mimi ninayejua kuchora, Mhina mdogo atamjulia wapi?

Wiki iliyopita Ustadh wetu, mwalimu wa kuchora, alituchukua darasa zima kwenda Iskandaria, mji mkubwa ulioko pwani ya kaskazini. Tuliondoka Alhamisi jioni kwa gari moshi, maana mapumziko ya huku ni Ijumaa. Kabla jua halijazama niliona njiani ng'ombe waliofungwa vitambaa machoni wakizunguka gurudumu la kuvuta maji mashambani. Nikamkumbuka rafiki yetu Loserian. Yeye anavyopenda ng'ombe kama watoto wake, angeyaona hayo angewashitaki wenye ng'ombe kwa hakimu.

Iskandaria ni mji mzuri, nisikufiche. Asubuhi tulikaa kando ya bahari kuchora, upepo ukatunyang'anya karatasi, tukawa tunazikimbiza barabarani huku magari yakitupigia honi. Tulikula samaki wa kuchoma na mkate, tukapanda tramu, gari la reli la mjini lenye ghorofa, mimi nikawahi kiti cha juu mbele kabisa. Nilifurahi, kisha nikaona vibaya kwa kufurahi.

Jioni ya Ijumaa kulikuwa na maonyesho katika ukumbi wa wanafunzi wa huko, na kila mmoja wetu ilimpasa kutundika picha moja. Yangu ilikuwa hiyo ya Babu asiye na mdomo, sikuwa na nyingine. Ustadh akaandika chini yake jina langu na Tanzania.

Akaja kijana mrefu, akasoma, akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili kwetu ni wapi. Anaitwa Paulo, anasomea udaktari wa meno hukohuko. Asili yao Tabora, lakini amezaliwa Ngombezi, katika nyumba za wakata mkonge, baba yake alikoletwa kufanya kazi. Nilipomwambia mimi ni Mzigua wa Kwaluguru alipiga makofi. Mnyamwezi, dada! Mtani wetu kabisa, nimemkuta mwisho wa dunia. Akauliza huyo pichani ni nani. Nikamjibu ni babu yangu, amefariki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka.

Hakunipa pole. Alikunja uso, akasema ukumbi mzima ukisikia, "Mmezika bila kutuita sisi watani? Basi huyu hajazikwa."

Akaitungua picha, akailaza sakafuni, naye akajilaza ubavuni mwake, amejifunika koti gubigubi kama maiti. Wageni wakarudi nyuma. Mara akafunua koti, akauliza kama ugali umeiva, kwani Mzigua hata akifa haendi popote kabla ya kula. Akajifunika tena. Bawabu akaja mbio, na Ustadh nyuma yake, wakidhani mtu amerukwa na akili. Kiarabu changu ni cha kuokoteza, neno la utani sikulipata. Nikawaambia tu kwamba huyu ni mtu wa msiba wetu, wamwache afanye kazi yake.

Paulo akainuka kwa kiwiko, akaichungulia picha. "Na mdomo mmeuficha wapi? Au mliogopa atawadai ugoro wake?"

Habari za ugoro sikumwambia, dada.

Nilijitahidi nisicheke mbele ya Ustadh. Nikaimeza midomo yote miwili, nikaibana kwa meno, pua ikatoa mlio. Hapohapo nikajua. Si ndivyo Babu alivyokuwa akicheka? Midomo imemezwa, pua inalia, mabega yanatikisika, asije akaonekana mzee mzima anachekea upuuzi. Mdomo niliokuwa nikiutafuta miezi yote hiyo nilikuwa nao mwenyewe usoni. Nikacheka, kicheko kikageuka kilio, nikalia palepale kilio changu chote cha tangu Januari. Paulo akanishika bega, na hapo ndipo aliponipa pole.

Nikapiga magoti nikaumalizia mdomo kwa makaa ya kuchorea. Ni mistari michache tu. Ustadh aliutazama, akanipa leso yake.

Sasa sikia balaa. Picha sinayo. Paulo aliikunja kama mkeka, akaitia kwapani, akasema Babu ametekwa na hatoki bila fidia. Nilimpa koti langu akalikataa. Msiba ni wa nyumbani, alisema, na fidia italipwa nyumbani. Juni anarudi likizo, na Babu atakuwa Ngombezi kwa mama yake, Mama Hosiana.

Kwa hiyo safari ni yako, dada. Nenda na jogoo, asiwe mwembamba wa kututia aibu. Usiingie kwa adabu. Anza kwa kuwaambia kwamba Wanyamwezi ni wezi wa maiti. Watakujibu, usiwe na wasiwasi. Kisha keti ule nao.

Nisalimie shangazi Tatu, na umwambie nimelia, asiendelee kudhani sikumwonea Babu uchungu. Msalimie Maalim Athuman pia. Najua hapendi sura za watu ukutani; mwambie Babu atakaa ndani ya kasha, atatoka siku za wageni tu. Mungu awape mvua ya kutosha na awafikishe Iddi Kubwa mkiwa na afya. Mimi sasa nalala usingizi mzuri.

Neno la mwisho. Siku ya kumkomboa Babu, mbebe na Mhina mdogo. Wakishaikunjua picha, mtekenye kidogo mtoto, umtazame anavyocheka. Kama naye anaimeza midomo, niandikie upesi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Kibwana Mhina