Machozi ya Jakaranda Makongeni

Dada Rispa,

Huku kwa shangazi Makongeni jakaranda zimechanua, na pua yangu imegeuka mfereji usiojua mgao wa maji. Jana shangazi alinikokota hadi matanga ya jirani, mzee nisiyemjua hata sura. Tukakalishwa wapi? Chini ya jakaranda! Macho yakavimba, machozi yakatiririka, akina mama wakanikumbatia na kunipakulia paja la kuku. Ndipo mjane, macho makavu, akaniinamia: "Msichana, mume wangu ulimjulia wapi?"

"Mama, ni aleji ya maua tu."

"Hata yule msichana aliyelia hapa juzi alisingizia moshi."

Niombee mvua iyasombe maua haya, maana kesho shangazi ananirudisha huko huko. Wabusu watoto, mimi kwa pua hii nisingethubutu.

Mdogo wako,
Nafula