Goli la Baba Mkwe

Jumamosi, 5 Aprili

Tumefungwa. Moja bila. Na goli limepita kwangu!

Nusu fainali ya kombe la kata, wanawake, sisi Busale na Ndandalo. Mimi beki wa kulia. Kipindi cha pili mshika kibendera wa upande wangu akashikwa na tumbo. Refa akamwita mzee mmoja mzoefu aliyekuwa anatazama. Mzee huyo ni baba mkwe wangu. Jina lake siandiki, hata humu.

Sasa ningefanyaje? Kwetu mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Njiani ukimwona unaingia migombani, anapita, unatoka. Uwanjani migomba iko wapi? Mpira unatambaa kwenye mstari, Doreen wa Ndandalo anaukimbiza, mimi namfikia kabisa — nainua macho, baba mkwe huyu hapa! Mwili uligeuka wenyewe. Nikachuchumaa, jezi nimeivuta hadi kichwani. Nasikia kelele tu, mpira uko wavuni.

Wenzangu wanasema mpira ulishatoka nje. Huenda. Ila wa kuamua alikuwa baba mkwe, na yeye naye alishageuka kunikwepa mimi.

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani mama mkwe ananisifia kwa kila mtu. Mkamwana wangu ana adabu, mmemwona? Anyisile, golikipa wetu, akanipita bila salamu. Halafu akarudi: adabu yako imetutoa kwenye kombe, dada.

Amon, mume wangu, anasema ningefunga macho nikabe. Kwani ni baba yake au wangu? Yeye mwenyewe angenicheka, kijiji kizima kingenicheka! Sikula.

Jumanne, 8 Aprili

Kocha Veronika kakata rufaa. Mwalimu Oswald, katibu wa kamati ya kombe, alipita nyumbani. Si mtu wa huku, ila anauliza kwa heshima. Anasema tusione aibu, hata Wamarekani na ule mpira wao wa umbo la yai ndivyo wanavyofanya: tukio moja la utata, watu wanagombana msimu mzima, mwisho kanuni inabadilishwa. Nikamuuliza, yetu itabadilishwaje?

Akakuna kichwa. Kuna wanaotaka mshika kibendera mwenye mkwe uwanjani akae pembeni. Na kuna wanaotaka walioolewa kata hii wasicheze kabisa.

Wasicheze kabisa! Timu yetu nusu ni wake za watu. Na mimi nimeanza kucheza kabla sijamjua Amon.

Nimefua jezi mara mbili leo. Ilikuwa safi.

Alhamisi, 10 Aprili

Wameniita kikaoni nijieleze. Nafika mlangoni, baba mkwe yuko ndani, naye kaitwa. Hivi hawa watu wana akili? Nikazunguka nyuma ya ofisi, nikasema kupitia dirishani, nimeupa ukuta mgongo. Nilisema yote. Kwamba sikuogopa Doreen. Kwamba nikinyimwa mpira nitakauka.

Kisha nikamsikia mzee, anaongea na mwenyekiti, si na mimi: kibendera hiki hapa, nimerudisha. Msiwatoe watoto uwanjani kwa ajili yangu.

Kanuni imepita: mwenye mkwe uwanjani hashiki kibendera wala filimbi. Mechi inarudiwa Jumamosi. Wenzangu wananirukia kwa furaha. Mimi nakiwaza kibendera kile. Mzee anaupenda ule mstari kuliko shamba lake.

Jumamosi, 12 Aprili

Bado bila bila, mvua imesimamisha mechi. Naandika kwenye kibaraza cha ghala la kokoa, timu zote mbili tumebanana, wanene kwa wembamba.

Baba mkwe amekuja! Kakaa kwenye kiti kando ya uwanja, ametugeuzia mgongo kipindi chote cha kwanza. Mgongo! Lameck, jirani yake, ndiye anamsimulia: mpira uko kulia, yuko nao Doreen, kanyang'anywa. Mzee anauliza, kanyang'anywa na nani? Lameck anacheka tu.

Nimecheza leo kuliko siku zote. Nilikimbia hadi mstarini, sikugeuka.

Sasa mvua hii ya Kyela, unaijua. Paa ni hili moja tu. Watu wote wameingia, yeye yuko palepale kwenye kiti, analowa, anakohoa. Lameck kamfuata na mwavuli wa mgomba, jani zima. Karudi peke yake. Mzee kasema: mkwe wangu yumo humo, mwacheni apumzike, ana mpira wa kucheza.

Nimesimama, nitoke ili yeye aingie. Kutoka hapa ni kupita mbele yake, hakuna njia nyingine. Kocha Veronika kanishika mkono, eti kaa, ukilowa misuli itapoa.

Anakohoa tena. Nakaaje?