Boya la Shaba na Kikohozi Chako

Ramadhani ndugu yangu,

Tangu uondoke, magari yote ya mkoa wa Mara yananitegemea mimi peke yangu. Sisemi kwa kujisifu, wewe unanijua. Juzi basi la Mwanza lilizimika lenyewe mbele ya gereji yetu hapa Bunda, abiria wakashuka wanashangaa, kumbe injini ilisikia sauti yangu ikaona heri iseme ukweli mapema. Musoma nako wananiita. Hata kwetu Butiama, mbuzi wakiona mkoba wangu wa spana wananipisha njia.

Sawa. Nakusikia. "Magesa, acha hadithi, toa plagi."

Basi ngoja nikuambie kilichonifanya nishike kalamu.

Mambo yamebadilika. Ile miaka yetu ya petroli kwa kibali, ya kukata gunia la pamba tulifanye chujio la hewa kwa sababu chujio lenyewe hulipati hata ukitembea mpaka Mwanza, imepita. Sasa maduka ya spea yamepangana toka stendi, plagi zinauzwa kama karanga, na magari yaliyochoka huko Japani yanakuja kupumzikia kwetu. Ungefurahi. Halafu ungelalamika kwamba hakuna anayetengeneza kitu tena, wanabadilisha tu.

Mkweo Idi, mume wa Zaituni wako, alipata kazi ya kuendesha pikapu ya Mzee Wambura, anabeba dagaa toka Murangi kuja hapa. Pikapu ni ya enzi zetu. Mwezi uliopita ikaanza kunywa petroli kama ng'ombe aliyeshinda juani. Mzee Wambura hakuliuliza gari, alimuuliza dereva. Akasema sokoni, mbele ya watu, kwamba Idi anaifyonza petroli kwa mpira na kuwauzia wenye boti. Unajua neno kama hilo linavyomganda dereva. Hakuna atakayempa ufunguo tena toka hapa mpaka Tarime. Zaituni akaja, akakaa kwenye lile tairi lako. "Mjomba, wewe ndiye uliyebaki."

Wambura, ambaye naye kama Bunda nzima huniita Mjomba, alikubali shauri moja tu. "Mjomba anuse. Pua yake ikisema gari ni zima, basi mwizi ni huyu."

Pua yangu, Ramadhani. Unakumbuka nilivyofanyaga: napiga goti nyuma ya ekzosi, pale bomba linapotolea moshi, nafumba macho, navuta pumzi ndefu, watu wote kimya. Wewe upo pembeni unafuta spana. Ukikohoa mara moja, nasema petroli imezidi hewa. Ukivua kofia, nasema inaunguza oili. Ukitulia, nasema gari halina neno, dereva ndiye apelekwe akaombewe. Hatukukosea hata siku moja. Sifa zikawa zangu, na wewe ukaniachia.

Basi nikapiga goti. Moshi ulikuwa mweusi, hilo kila mtu aliliona, lakini Wambura akadai gari lake lilikuwaga na moshi tangu alinunue. Nikafumba macho. Nikavuta. Idi amesimama mikono nyuma, kama mtu aliyekwisha kufungwa. Nikasubiri kikohozi chako mpaka magoti yakaniuma.

Hakikuja. Nikafumbua macho nikasema, "Leteni spana ya plagi."

Plagi zilitoka nyeusi, kavu, masizi kama kitako cha sufuria. Kwa hiyo ama mafuta ni mengi ama hewa ni haba. Nikafuata njia yako, polepole, bila hadithi. Chujio la hewa ni jipya, safi. Choki, kile kibati kinachoziba hewa asubuhi ya baridi, kinafunguka chote injini ikipata moto. Nikafungua kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa. Sindano inayofunga petroli haijalika. Likabaki boya, lile la shaba linaloelea ndani na kuisukuma sindano ifunge petroli ikitosha. Nikalitikisa sikioni, ulivyotikisaga wewe, kama mtu anayepima yai viza. Ndani kukacheza kitu.

Nikaomba sufuria ya maji ya moto kwa mama wa chai. Nikalizamisha boya mbele ya macho ya Wambura. Vikapanda vipovu vidogo, kimoja kimoja, kutoka kwenye tundu ambalo hata sindano ya kushonea isingepita. Boya lilikuwa limeingiwa na petroli, limezama, haliwezi tena kuifunga sindano, na mafuta yanamiminika kwenye injini kupita kiasi.

"Mwizi wako huyu hapa, Mzee."

Aliinama akaviangalia vile vipovu. Kisha akampa Idi ufunguo, akasema, "Mwanangu, yaishe." Kesho yake alikwenda kuyasema hayohayo pale sokoni, maana nilimwambia asipokwenda yeye nitakwenda mimi, na mimi nikianza kusimulia simalizi.

Boya nimelichomelea kwa risasi ya kulehemu, linaelea. Zaituni ameniletea samaki. Watu wanasema pua ya Mjomba imefanya kazi tena, nami sikuwakatalia.

Ila kibao cha gereji nimekipeleka kwa fundi rangi kiandikwe upya: jina lako juu, langu chini. Hiyo ni ahadi, na mbao ameshazipiga randa. Zaituni naye hatakosa mlango wa kubisha nikiwa hai. Pumzika, ndugu yangu. Spana zako nimezifuta, zipo kwenye mafuta.

Neno moja limebaki. Ile siku maharage yalipoungua pale gereji, mimi nimekaa hatua moja tu kutoka jikoni, wewe ukatoka chini ya lori ukaepua sufuria, hukuniuliza kitu. Kesho yake, nilipopiga goti nyuma ya ekzosi, ndipo ulipoanza kukohoa. Hatukuwahi kulizungumza. Surua ya utotoni iliondoka na pua yangu, Ramadhani. Petroli sijui inanuka vipi. Hata udi wa msiba wako, watu walisema unanukia mpaka barabarani. Mimi niliitikia tu.